Mpishi wa Dakika Kumi

Mabasi ya Mwanza yanayopita Biharamulo kuelekea Ngara husimama mara chache, na kila yanaposimama konda hutangaza maneno yale yale: dakika kumi, watu wachimbe dawa na kula. Abiria hushuka wakijinyoosha migongo, nusu wakielekea chooni na nusu vibandani kwa mama lishe. Hapo mwanamke mwenye masufuria manne, binti wa kumsaidia na ndoo ya maji ya kunawa hulisha watu ishirini na kuwarudishia chenji, na konda anapoanza kugonga bodi la basi, sahani zote zimekwisha rudi. Kazi hii huitwa kuhangaikia riziki, huitwa biashara ndogondogo. Ni nadra kuitwa ufundi, na ni ufundi mkubwa.

Chukua mfano wa Nyamigogo, kata ya Biharamulo, wilaya ya mkoa wa Kagera inayopakana na Ngara. Barabara kuu inayopita ukanda huu inaanzia bandarini Dar es Salaam, inavuka Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, inapita Nyakanazi, Lusahunga na Nyakahura, na baada ya zaidi ya kilomita 1,200 inafika Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda. Tawi lake jingine linakwenda Kabanga, mlango wa kuingilia Burundi. Ndiyo maana kwenye benchi moja la mbao anaweza kukaa dereva wa lori la mafuta anayekwenda Bujumbura, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake, mama wa Kihangaza anayepeleka maharage mnadani, na mwalimu wa Kichaga aliyepangiwa shule ambayo hajawahi hata kuisikia. Kila mmoja ana tumbo lililolelewa kwao. Huyu asipoona ndizi anahisi hajala, yule kwake chakula ni ugali, mwingine amekulia pwani na anataka wali.

Mpishi hawezi kupika vyote kwa wingi, kwa hiyo hujifunza kuwasoma watu. Kabla mgeni hajaketi ameulizwa, "Kaka, gari linaondoka sasa hivi au umelaza?" Jibu ndilo linaloamua sufuria. Anayeondoka atapakuliwa kilicho tayari, wali maharage au supu na chapati. Aliyelaza gari ataambiwa asubiri kidogo, kuna ndizi zinakaribia kuiva, na mara nyingi atashukuru kwamba alisubiri.

Ndizi hizo zinastahili kutazamwa kwa karibu. Mpishi hujipaka mafuta viganjani kabla ya kumenya, maana utomvu wa ndizi mbichi hung'ang'ania vidole na kuacha madoa meusi. Kila inayomenywa hutumbukizwa papo hapo kwenye maji, isije ikapoteza rangi. Maharage yamekuwa jikoni tangu alfajiri, na yameshaanza kulainika ndipo ndizi zinapolazwa juu yake pamoja na kitunguu, nyanya na chumvi. Jani la mgomba hupitishwa juu ya moto mpaka lilegee, likunjike bila kuchanika, kisha hufunika sufuria likazuia mvuke usitoke. Kuanzia hapo mwiko hauguswi. Ndizi ya kukorogwa hupondeka ikawa uji, na mlaji wa Kagera hatakusamehe.

Ugumu wenyewe uko kwenye saa. Ndizi iliyopikwa hukakamaa ikipoa, na ikipashwa tena haiwi ile ya kwanza. Ugali wa muhogo nao hausubiri mtu. Unga ukiingia kwenye maji yanayotokota, lazima usongwe kwa nguvu na kwa haraka, na uchotwe ukiwa wa moto, la sivyo unabaki madonge. Kwa hiyo mama lishe hodari hutega chakula chake kifike pamoja na basi. Zamani alikadiria kwa jua na kwa mazoea. Leo ana simu. Humpigia konda, "Mmefika wapi?" na akiambiwa wametoka Geita, anajua ni mkaa kiasi gani auondoe chini ya sufuria hii na auongeze chini ya ile. Basi likipasukiwa tairi njiani, hesabu yote inaanza upya.

Yupo mteja mwingine ambaye waandishi wa safari humsahau, naye ni yule aliyekuja kukaa. Mtumishi aliyehamishwa hufika na begi, godoro na ndoo. Amepata chumba, lakini hana jiko, hajui sokoni ni wapi, na fedha za uhamisho bado ni ahadi. Mwezi wake wa kwanza huishi kwa mama lishe. Anakula, anasema "niandikie", na jina lake linaingia kwenye daftari la shule lenye kona zilizojikunja, ambamo madeni yote ya mtaa yamepangwa kwa mistari: wali maharage, chai mbili, ndizi nyama. Mpishi humkopesha mtu asiyemjua kwao wala ukoo wake. Anachokopesha si sahani ya chakula peke yake, maana wakati huo huo anamwelekeza nyumba za kupanga, anamtajia fundi mwaminifu, anamwambia mvua zikianza njia ipi haipitiki. Hakuna ofisi ya serikali inayompokea mgeni kwa ukamilifu huo. Mshahara ukitoka, mstari mmoja wa kalamu unapita juu ya jina lake, na siku hiyo amekuwa mwenyeji.

Ukanda huu umewahi kupokea wageni kwa kiwango ambacho akili inasita. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya takriban saa 24, wakimbizi wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda. Kambi ya Benaco, wilayani Ngara, ikawa kwa wingi wa watu mji mkubwa uliozaliwa kwa usiku mmoja. Mashirika ya misaada yaligawa mahindi, maharage na mafuta. Lakini wengi wa waliofika walikuwa watu wa ndizi na mihogo, na mahindi ya punje yalihitaji kusagwa. Basi wakaanza kubadilishana na wanavijiji, mahindi yakatoka kambini, ndizi na mihogo ikaingia. Bei ya ndizi vijijini ikapanda, na akina mama wenye migomba wakajikuta wamekuwa wafanyabiashara. Kambi za Wanyarwanda zilifungwa Desemba 1996, ile ya Warundi ya Lukole ikabaki hadi 2008. Uzoefu wa kumpikia mtu usiyeijua lugha yake haukuondoka na mahema.

Kisha ikawa miaka ya hofu. Katika miaka ya 1990 na 2000 majambazi walivamia magari kwenye mapori ya Biharamulo na Ngara, na mabasi yakawa yanasubiri polisi wenye silaha wa kuyasindikiza. Kusubiri huko kulikuwa kubaya kwa kila mtu, lakini kulilisha familia nyingi za wapishi: abiria aliyekwama saa mbili hula, hunywa chai, kisha hula tena.

Siku hizi njia imefunguka. Tarehe 6 Aprili 2016 marais John Magufuli na Paul Kagame walizindua daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha forodha, na malori yakapunguza siku za kulala mpakani. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua daraja la Kigongo–Busisi, kwenye njia ya mabasi hayo ya Mwanza, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, na foleni ya kivuko iliyowalisha wauza samaki wa kukaanga na mayai ya kuchemsha ikatoweka. Madaraja haya ni neema, na mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Bugando, Mwanza, anaijua neema hiyo kuliko mtu yeyote. Hata hivyo, wanaopanga barabara huhesabu malori na tani, sufuria hawazihesabu. Kila saa inayookolewa njiani inakatwa kwenye benchi la mama lishe, naye hujibu kwa kuongeza ustadi: chakula cha kubeba, hotpoti zinazotunza joto, chapati zilizokunjwa tayari. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, hata kufungasha kumekuwa elimu mpya.

Msafiri mwenye bahati ya kulala huonja na kinywaji cha nyumbani. Rubisi, pombe ya ndizi ya Kagera, nayo ina mafundi wake vijijini. Ndizi za pombe huivishwa shimoni chini ya majani ya mgomba, humenywa, kisha hukandwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti mpaka maji matamu yatoke. Maji hayo huchujwa, huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, na kuachwa yachachuke. Mnywaji mzoefu huanza kwa kunusa. Dereva wa lori hupewa chai ya tangawizi, na mpishi mwenye busara halegezi kamba hapo hata akibembelezwa.

Serikali imemwona mama lishe kwa vipande vipande. Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo walianza kupewa vitambulisho vya shilingi 20,000, na wengi wakapumua, kwani usumbufu wa ushuru wa kila siku ulipungua. Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Gesi ingemfaa sana, hasa kwenye ule mchezo wake wa kupunguza na kuongeza moto, ila mtungi unalipiwa mara moja wakati mkaa hununuliwa kwa kopo, kulingana na mauzo ya jana.

Kinachokosekana ni kumchukulia kama fundi mwenye cha kufundisha. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA hutoa mafunzo ya mapishi, na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, itahitaji wapishi watakaowapokea wageni kutoka kila upande wa dunia. Wanafunzi wa fani hiyo wangefaidika wakitumwa miezi mitatu kwenye vibanda vya barabara ya Rusumo, wamenye ndizi, wabebe ndoo, wapige simu kwa konda, na basi likiingia wajaribu kulisha watu ishirini kabla honi haijalia. Mwalimu wao alipwe posho ya mkufunzi, kwa jina lake, na cheti chao kibebe sahihi yake.