Elimu ya Zamu Katika Kikaango Kimoja

Mlo wa soseji, kabichi na viazi unaopikwa katika kikaango kimoja huhesabiwa na wengi kuwa chakula cha haraka kisichohitaji ujuzi wowote, kwa kuwa vitu vyake ni vya bei nafuu na hupatikana katika genge lolote la mboga na duka lililo jirani nalo. Hukumu hiyo haina haki. Mpishi mwenye masufuria manne jikoni anaweza kukipa kila kitu moto wake na muda wake, na kikiharibika kimoja vingine husalimika, lakini mwenye kikaango kimoja hana pa kukimbilia, maana vitu vitatu vyenye tabia tatu tofauti hutegemea moto mmoja, na kosa la kimoja huwa kosa la mlo mzima. Ufundi wa mlo huu umo katika zamu, yaani katika kujua nini kitangulie, nini kifuate, na kila kimoja kikae motoni kwa muda gani kabla ya kukipisha kingine.

Soseji ndiyo hutangulia, nayo ina haki hiyo kwa sababu imebeba mafuta na chumvi ambavyo vitu vingine vyote vitavihitaji. Neno lenyewe limeingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza, na asili yake ya mbali ni neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichotiwa chumvi, jambo linalokumbusha kwamba zamani soseji ilikuwa njia ya kuhifadhi nyama kabla haijawa namna ya kuipika: nyama iliyosagwa ilichanganywa na mafuta, chumvi na viungo, kisha ikajazwa ndani ya utumbo uliosafishwa, na mara nyingi ikatundikwa juu ya moshi. Wazo hilo si geni Afrika ya Mashariki. Mutura, ambayo huuzwa jioni kwenye majiko ya kando ya barabara katika Kenya ya kati na Nairobi, ni utumbo uliojazwa nyama na damu, ukachemshwa kwanza na kumaliziwa juu ya makaa, na yeyote anayeijua mutura anaijua tayari kanuni ya soseji, hata kama hajawahi kuifikiria hivyo. Siku hizi ngozi ya nje ya soseji nyingi za kiwandani hutengenezwa kwa kolajeni, ambayo ni protini inayotokana na ngozi za wanyama, na nyama ya ndani huwa ya nguruwe, ya ng'ombe au ya kuku. Katika nyumba ambazo nguruwe haliwi, kama zilivyo nyingi za Pwani na Zanzibar, soseji ya ng'ombe hufanya kazi hii bila upungufu. Ile ya kuku haina mafuta mengi na huhitaji kijiko kimoja au viwili vya mafuta ya kupikia ili isishike chini, na vivyo hivyo zile za bei ya chini ambazo zimechanganywa na unga mwingi, kwa kuwa unga huungua kabla nyama haijapata rangi.

Kosa linalotendwa na wapishi wengi hapa mwanzoni ni haraka. Soseji huwekwa nyingi mno katika kikaango ambacho hakijapata moto wa kutosha, zikatoa maji, na badala ya kukaangika zikachemka ndani ya maji yake zenyewe, zikabaki na rangi ya kijivu hadi mwisho. Rangi ya kahawia inayotamaniwa, pamoja na ile harufu inayomfanya mtu aliye chumba cha pili aulize kinachopikwa, hutokana na protini na sukari za nyama zinapokutana katika joto kali, mabadiliko ambayo mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyaeleza mwaka 1912 na ambayo hadi leo huitwa kwa jina lake. Mabadiliko hayo hushika kasi joto linapofika karibu nyuzi 140 za Selsiasi, na maji hayawezi kamwe kufika huko katika chombo kilicho wazi, kwa hiyo popote palipo na maji juu ya uso wa nyama rangi haipatikani. Soseji zapasa zikaushwe, zipewe nafasi ya kupumua kati ya moja na nyingine, na zigeuzwe taratibu juu ya moto wa wastani, kwa sababu moto mkali huipasua ngozi na kuyamwaga mafuta yote kwa mara moja ilhali kiini bado kibichi.

Zikishapata rangi, huondolewa na kuwekwa kando, na hapo ndipo kikaango huanza kuonyesha thamani yake. Chini yake hubaki tabaka jembamba la kahawia lililoshikamana na chuma, ambalo mtu asiyejua angelisugua na kulimwaga akidhani ni uchafu. Jikoni mwa Waswahili neno ukoko hutumika kwa wali uliokauka na kushika chini ya sufuria, ule ambao watoto huugombania wakati wakubwa wanapakua, na hakuna jina linalolifaa tabaka hili la soseji kuliko hilo, kwa kuwa nao ni utamu uliojificha mahali ambapo jicho la haraka huona kuungua. Kitunguu kilichokatwa vipande vyembamba kikiingia wakati huu, pamoja na vijiko viwili vya maji, unyevu wake huulainisha ukoko, na mwiko wa mti ukipitishwa polepole chini ya kikaango huubandua wote, mpaka kitunguu kinachukua rangi ya asali na chuma kinang'aa tena. Dakika hizo tatu au nne ndizo zinazoamua kama mlo utakuwa na kina au utakuwa mboga iliyochemshwa na kutupiwa nyama juu. Zina mpaka wake pia: ukoko wa kahawia ni ladha, lakini ukiwa mweusi ni uchungu, na uchungu huo ukishaingia kwenye mafuta hakuna sukari wala nyanya itakayouondoa.

Viazi hufuata. Hiki ndicho kiazi ambacho Watanzania wa bara hukiita kiazi mviringo au kiazi ulaya na watu wa Zanzibar hukiita mbatata, ingawa Ulaya ilikuwa kituo tu cha safari yake, kwa kuwa kwao ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, katika nchi zinazolizunguka ziwa Titicaca, ambako watu walikilima kwa maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajakiona. Kiliingia nyanda za juu za Afrika ya Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, kikakuta baridi na udongo uliofanana na wa kwao, na leo Nyandarua, Meru, Njombe na milima ya Usambara ni nchi za viazi na kabichi kiasi kwamba lori moja mara nyingi hubeba vyote viwili kuelekea mjini. Mnunuzi makini hukigeuza kiazi mkononi kabla ya kukilipia, kwa sababu kilichokaa juani sokoni huota rangi ya kijani, na rangi hiyo ni dalili kwamba huenda sumu iitwayo solanini imeongezeka chini ya ganda, sumu ambayo kupika hakuiondoi. Mbegu ya Shangi, inayopendwa mno nchini Kenya, huiva upesi na kwa hiyo huufaa mlo huu, ila huchipua upesi vilevile na haifai kununuliwa ya mwezi mzima.

Viazi vikishamenywa hukatwa vipande vya ukubwa mmoja, takriban sentimita mbili kila upande, kwa sababu vipande visivyolingana haviwezi kuiva pamoja hata vikiombwa. Huoshwa kwa maji baridi ili kuondoa wanga wa juu, ambao ndio hufanya vipande vishikane na kung'ang'ania chini ya kikaango, halafu hukaushwa kwa kitambaa safi na kuingizwa katika yale mafuta yaliyokwisha kunywa ladha ya soseji na kitunguu. Hapo huachwa vitulie. Mkono usio na subira huvikoroga kila baada ya sekunde chache na kuvinyima nafasi ya kupata ganda, ilhali mkono uliozoea hungoja mpaka kipande chenyewe kiachie chini kikisukumwa, ndipo hukigeuza.

Kuna jambo moja la jiografia ambalo wapishi wa nyanda za juu hulijua kwa mazoea hata pale ambapo hawakulisoma darasani. Maji hayachemki katika joto lilelile kila mahali: Mombasa huchemka kwa nyuzi 100 hivi, lakini Nairobi au Njombe, ambako hewa ni nyepesi kwa sababu ya mwinuko, huchemka kati ya nyuzi 93 na 95, na baada ya hapo kuongeza moto hakuyapandishi joto, ni kuyapoteza kwa mvuke tu. Ndiyo maana viazi vinavyochemshwa huchelewa kulainika mahali hapohapo vinapolimwa. Mafuta hayafungwi na sheria hiyo, kwa kuwa joto lake halitegemei uzito wa hewa, na kiazi kilichotangulia kukaangwa kabla ya kufunikwa kimalizie kwa mvuke huwa kimeshinda sehemu kubwa ya kazi. Akili iliyomo katika mlo huu wa watu wa kawaida inastahili heshima zaidi ya inayopewa.

Yapo pia mazoea yanayopaswa kuachwa. Jikoni nyingi nyanya hufuata kitunguu kama kwamba hakuna njia nyingine, na katika mchuzi wa nyama mazoea hayo ni mema, lakini asidi ya nyanya huiimarisha pektini, ile saruji ya asili inayozishikanisha seli za mimea, na viazi vilivyotiwa nyanya mapema hubaki vigumu katikati hata vikikaa motoni muda mrefu. Nyanya, siki au ndimu zingoje mwisho, viazi vikishapenyeka kwa ncha ya kisu.

Kabichi ndiyo yenye siri nyingi kuliko vyote, nayo ndiyo hudharauliwa zaidi. Wataalamu wa mimea huiweka katika spishi moja na sukuma wiki, pamoja na brokoli na koliflawa. Zote ni watoto wa mmea mmoja wa mwituni wa pwani za Ulaya, ambao wakulima waliubadilisha kwa kuchagua mbegu kizazi baada ya kizazi, hapa wakipenda majani yaliyo wazi, pale wakipenda yaliyojikunja na kukumbatiana mpaka yakawa kichwa kizito. Zaidi ya sehemu 90 katika 100 za uzito wake ni maji, na kwa hiyo inapoingia kikaangoni haihitaji kuongezewa kitu: kabichi iliyokatwa nyembamba hurundikwa juu ya viazi mpaka inapita ukingo na mfuniko hauketi sawasawa, hunyunyiziwa chumvi kidogo, kwa kuwa soseji imekwisha kuleta yake, na kuachwa. Chumvi huyavuta maji kutoka majanini, maji huwa mvuke, mvuke huviivisha viazi kwa chini na majani kwa juu, na mfuniko ambao ulikuwa umeinama upande huteremka wenyewe taratibu hadi ukakaa mahali pake. Hapo mpishi anayesikiliza husikia sauti ikibadilika, kutoka kwenye kelele kavu ya kukaanga hadi mtokoto mzito wa chini, na sauti hiyo ni saa bora kuliko ya ukutani.

Muda wa kabichi ni mfupi, dakika saba au nane zikitosha kabisa. Ndani ya majani yake mna michanganyiko yenye salfa, ambayo katika kabichi mbichi huleta ule ukali mdogo wa kupendeza mdomoni, katika kabichi iliyoiva kwa kiasi hugeuka utamu, na katika iliyopikwa kupita kiasi huvunjika na kutoa harufu kama ya yai lililooza. Watu wengi waliokula katika mabweni ya shule wanaichukia kabichi kwa sababu ya harufu hiyo, na ni haki kusema kwamba chuki yao inaihusu saa moja ya kuchemshwa bila huruma, wala haiuhusu mmea wenyewe. Jani linapokuwa limelainika lakini bado lina ubishi kidogo chini ya jino, na ukingo wake unang'aa kwa mafuta, soseji zilizokatwa mshazari hurudishwa juu, pamoja na maji yote yaliyochuruzika sahanini, mfuniko ukafunikwa tena kwa dakika mbili, na ndimu ikakamuliwa mwishoni kabisa.

Vitu hivi vitatu vimekutana katika vyombo vya mataifa mengi, hasa kaskazini na mashariki mwa Ulaya, ambako majira marefu ya baridi yaliwalazimisha watu kuishi kwa vile vinavyodumu ghalani: kabichi, viazi na nyama iliyotiwa chumvi na moshi. Wapolandi hutumia soseji yao ya kielbasa yenye kitunguu saumu, Wajerumani huongeza mbegu za kisibiti, na Waingereza wana mlo wa viazi na kabichi vya jana vinavyopondwa pamoja na kukaangwa upya. Waingereza katika hili wameliona jambo ambalo nyumba za Waswahili nazo hulijua vyema, kwamba kiporo si lazima kiwe mlo wa pili kwa thamani. Viazi vikilala usiku kucha wanga wake hukaza na vipande hukauka kidogo, na asubuhi, vikirudishwa katika kikaango kilekile juu ya moto mdogo bila mfuniko, hupata ganda ambalo jana yake mvuke uliwanyima walaji, huku nyuzi za kabichi zilizoko pembeni zikigeuka kahawia na kukatika kwa mlio mdogo mdomoni. Ukoko mwingine huwa umejitengeneza chini, mzito kuliko wa kwanza, na anayepakua huukwangua kwa ncha ya mwiko na kuugawa sahani kwa sahani, chai ya maziwa ikiwa imekwisha kumiminwa.