Mtindi wa Barafu

Mwenye friza yoyote anaweza kuugeuza mtindi kuwa barafu. Kazi ni kuufanya ulike baada ya hapo. Nimeula sehemu nyingi hapa Moshi: Majengo, Pasua, Kiboriloni, vibanda vya kandokando ya soko la Mbuyuni, hata Shanty Town kwenye hoteli ambako hutiririka kutoka kwenye mashine yenye mkono wa kuvuta. Katika kulamba huko kote nimebaki na heshima kwa watu wachache, na karibu wote ni akina mama wenye duka dogo la maziwa, friza moja iliyowahi kuwa ya soda, na benchi la wateja.

Wamarekani watasema kitu hiki ni chao. Kampuni ya Hood ya New England iliuuza huko miaka ya 1970, na mwaka 1981 duka la kwanza la TCBY likafunguliwa Little Rock, jimbo la Arkansas, likazaa mengine mamia. Sawa, mashine ni zao. Barafu ya maziwa ndani ya kifuko chembamba cha nailoni, unayoing'ata kwenye kona na kuifyonza ukirudi shule, haikusubiri mtu wa Arkansas.

Ufundi wenyewe huanzia mbali na friza. Ng'ombe wa Machame, Kibosho au Marangu kwa kawaida hapelekwi malishoni. Anakaa bandani ndani ya kihamba, katikati ya migomba na kahawa, akisubiri majani yaliyokatwa tambarare na kupandishwa mlimani, mengi yakiwa vichwani mwa wanawake. Kiangazi majani yakiadimika analishwa mgomba uliokatwakatwa, ambao karibu wote ni maji, na maziwa hupungua. Ndipo kishawishi cha kuongeza maji kwenye kidumu kinapokuwa kikubwa, na ndipo mama wa duka anapoitoa laktomita yake. Lita ya maziwa safi ina uzito wa kati ya gramu 1,028 na 1,032. Kile kijiti cha kioo kikizama kupita alama yake, muuzaji anarudi na kidumu chake, awe shemeji au jirani. Maji yakishaingia kwenye maziwa hakuna ujuzi wa baadaye utakaoyatoa bila kuondoka na ladha.

Maziwa yamekuwa mali ya wanawake huku kwa muda mrefu. Kahawa ilikuwa ya baba, na fedha yake ilipita kwenye ushirika wa KNCU, ulioanzishwa mwaka 1933. Mwaka 1988 wanawake wa Nronga, kule Machame wilayani Hai, walianzisha ushirika wao wa maziwa. Mwaka uliofuata mfumo wa mgawo wa kahawa duniani ukavunjika, bei ikaporomoka, na nyumba nyingi zikagundua kwamba ada ya shule inatoka bandani. Sijui kama kuna kitu kingine mlimani kilichobadilisha mazungumzo ya mezani kwa haraka hivyo.

Maziwa yakishapita kipimo yanachemshwa, yanaachwa yawe vuguvugu, yanatiwa kijiko cha mtindi wa jana na kufunikwa. Bakteria waliomo hula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Asidi ikifikia kiwango fulani, protini hushikana na maziwa kuganda. Hayo yameandikwa vitabuni. Kisichoandikwa ni kwamba mji wa Moshi uko kati ya mita 700 na 950 juu ya usawa wa bahari, na vijiji yanakotoka maziwa viko juu zaidi, kwenye baridi zaidi, kwa hiyo muda wa mtu wa Machame haumfai mtu wa Pasua. Mwezi wa pili, jua likiwa kali, mtindi wa mjini unaweza kupitiliza wakati mwenyewe amekwenda sokoni. Mwezi wa saba, wingu likikaa juu ya mji mchana kutwa, sufuria hufungwa blanketi na bado huchelewa. Fundi hatazami saa. Huinamisha sufuria kidogo aone kama mtindi unaachana na ukingo kwa pamoja, kisha hunusa.

Halafu huonja, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Ulimi uliopoozwa na barafu hausikii utamu vizuri, lakini ukali huusikia bado. Mtindi uliokuwa mzuri kwenye glasi, ukiupeleka friza kama ulivyo, utatoka mkali na mkavu, utamu wake umekimbia. Kwa hiyo wa barafu lazima ukatishwe mapema, kabla haujafikia ukali wa kunywa, kisha utiwe sukari kupita kiasi. Mama anaonja ukiwa vuguvugu kitu ambacho mteja atakikuta kikiwa barafu, na anatakiwa kujua tofauti hiyo kichwani. Mmoja alinipa kijiko kabla ya kuufungia, nikakunja uso.

"Mama, mbona tamu hivi?"

"Hii siyo yako, mwanangu. Hii ya friza. Yako uje saa kumi."

Saa kumi ulikuwa sawasawa kabisa.

Baada ya ladha kuna vita na maji. Mtindi mwingi ni maji, na maji yakigeuka barafu polepole hutengeneza chenga kubwa zinazokwaruza ulimi. Mashine ya hotelini hulimaliza hilo kwa kukoroga na kukwangua bila kupumzika. Asiye na mashine huuchuja kwanza kwenye kitambaa safi cha pamba, maji yadondoke usiku kucha, kisha huumwaga kwenye sinia bapa badala ya kopo refu, ili baridi ipenye haraka na chenga zibaki ndogo. Kila baada ya muda huutoa, huupondaponda kwa mwiko na kuurudisha. Sukari nayo husaidia, maana huyachelewesha maji kuganda. Kinachoharibu yote ni umeme kukatika usiku: mtindi huyeyuka nusu, ukirudi kuganda unakuwa na vipande kama vioo, na mlaji mzoefu huhesabu saa za giza kwa ulimi. Fundi mwenye heshima siku hiyo hauuzi. Anauyeyusha na kuuza wa kunywa, kwa bei ya wa kunywa.

Wageni hupenda kuoanisha barafu hii na ile ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ambayo tangu mwaka 1912 imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake. Uhusiano upo, ila si huo. Maji ya Kikuletwa na Ruvu hutelemka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu na kuzungusha mitambo ya umeme ya megawati 8, lakini mito hiyo inaishi zaidi kwa mvua ya msitu kuliko kwa barafu ya kileleni. Msitu ndio unaohusika na friza zetu.

Nina neno moja juu ya mapambo. Kuna maduka yanayokuwekea biskuti, sharubati ya rangi tatu, chokoleti na njugu mpaka mtindi wenyewe hauonekani, na nimejifunza kushuku kadiri mlima huo unavyorefuka. Mtoto apewe, ni haki yake. Mtu mzima aombe kijiko kimoja kitupu kwanza.

Kitu pekee ninachokubali kuchanganywa ni ndizi mbivu, na hapo mafundi wangu wawili hawaelewani. Wa Majengo huponda kisukari iliyoiva hadi ganda kuwa na madoa meusi, akisema ulaini wake unafanya kazi ya mashine: sukari nyingi, nyuzi laini, chenga hazipati nafasi. Wa Kiboriloni anajibu kwamba ndizi ya namna hiyo inauficha mtindi uliochacha vibaya, na kwamba yeye hana cha kuficha. Kwake ndizi ni vipande vichache vya juu, tena visiive sana. Nimewapelekea maneno huku na huku kama mshenga, na kila mmoja ameomba nimletee ya mwenzake aionje. Ya Kiboriloni ilifika Majengo ikiwa ngumu, ndani ya chupa ya chai. Mama aliila yote, akauliza sukari inatiwa lini, kabla ya kuchuja au baada, kisha akanituma nikaulize.