"Asiye na Utaifa": Uhakiki wa Istilahi Moja

Miongoni mwa istilahi zinazostahili kutazamwa upya ni ile ya "mtu asiye na utaifa", itumikayo katika tafsiri nyingi za maandishi ya sheria. Istilahi hii imeenea, lakini kuenea si ushahidi wa usahihi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1954 unamweleza mtu huyo kuwa ni yule ambaye hakuna dola yoyote inayomhesabu kuwa raia wake kwa mujibu wa sheria zake. Kiini cha maana hiyo ni sheria. Neno "utaifa", kwa upande wake, lina maana mbili. Katika fomu za serikali huweza kusimama badala ya uraia. Katika siasa na historia hutaja hisia za kuwa sehemu ya taifa na moyo wa kulipigania, kama tusemapo "harakati za utaifa". Hivyo msomaji aambiwapo kwamba fulani hana utaifa, aweza kudhani kwamba mtu huyo hana kwao wala hana mapenzi na nchi.

Tuchukue mfano wa Wamakonde wa Kwale, nchini Kenya. Wazee wao walitoka Msumbiji kuanzia miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Watoto na wajukuu walizaliwa Kenya, ila wengi wao hawakupewa vitambulisho. Na pasipo kitambulisho ilikuwa shida kupata ajira rasmi, kufungua akaunti ya benki au kumiliki ardhi. Mwezi Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kuelekea Nairobi kudai haki yao, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza waandikishwe kabla ya mwaka huo kwisha. Je, watu hao walipungukiwa na utaifa? Walichokosa ni uraia, nao uraia hutolewa na dola.

Kuwaita "wahamiaji" nako hakufai. Kuhamia ni kuondoka pengine na kuja kukaa mahali. Aliyezaliwa Kwale hakuhamia Kwale.

Yupo atakayesema kwamba "asiye na uraia" haitoshi, kwani Mzambia aishiye Dar es Salaam naye hana uraia wa Tanzania. Hoja hii ni ya haki, na dawa yake ni kuitaja dhana kwa ukamilifu: "mtu asiye na uraia wa nchi yoyote". Ni ndefu, lakini haipotoshi.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Karani asomaye kwamba mwombaji "hana utaifa" huanza kumhoji asili yake. Asomaye kwamba "hana uraia" hutafuta kifungu cha sheria kinachomhusu. Kwa sababu hiyo twapendekeza wafasiri na walimu waiache istilahi ya kwanza na kuishika ya pili.