Mtaro wa Mkaratusi

Sehemu kubwa ya Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, ni majani, na kilimo cha Wafipa kimezaliwa humo. Wabemba, upande wa Zambia, walikata matawi ya miti, wakayachoma, wakapanda ulezi kwenye majivu. Mfipa hakuwa na miti ya kutosha kuchoma. Akatengeneza ntumba: mvua zikielekea kwisha, anakwangua ardhi pamoja na majani yake, anayageuzia ndani, udongo unabaki nje, lundo la mviringo linasimama. Majani huoza humo kiangazi kizima, pengine maharage yakiwa yamepandwa juu. Msimu unaofuata lundo linavunjwa, linatawanywa, na ulezi unapandwa.

Siku hizi miti ipo. Kando ya nyumba na mashamba ya Sumbawanga, huku huku Ufipa, imepandwa mikaratusi, na hakuna wa kuikata bure wakati nguzo zina bei. Shida huanza pale bustani ya mboga inapokaa jirani nayo. Tuta lenye samadi na maji ya kila jioni ni karamu, na mzizi hausubiri mwaliko. Utaona mstari wa chainizi ulio upande wa mti umedumaa, unanyauka saa sita mchana ingawa jana yake ulimwagiliwa. Wapo wanaoinua tuta zaidi wakidhani wameukwepa. Mzizi unapanda nao tu.

Anayejua kazi haanzii kwenye tuta. Anachimba mtaro kati ya mti na mboga, akijiweka karibu na mboga, kwani ukikata mizizi minene iliyo karibu na shina, upepo wa kiangazi wa huku utakuangushia mti, na huenda ukaangukia paa. Kina kinapita goti, maana mizizi mingi yenye njaa iko juu juu. Jembe linafungua udongo, lakini halikati. Kukata ni kazi ya panga lililonolewa. Mzizi uliopondwa kwa jembe huacha ncha iliyochanika, na mtu wa kazi hapendi hivyo.

Hapa ndipo ninapopenda kusimama na kutazama. Mkono unapapasa ukuta wa mtaro, unaukuna mzizi kwa kucha: mweupe na wenye maji ndani, unakatwa, wa kahawia unaovunjika, unaachwa ulipo. Ule uliokufa ni mbolea, hesabu ile ile ya ntumba. Nyuzi za mizizi zilizokwisha kuingia tutani zinavutwa polepole, zisiing'oe miche. Kisha ukuta wa upande wa mboga unavikwa nailoni nene, ukingo wake ukiachwa uchungulie juu ya ardhi kidogo, na udongo unarudishwa.

Nailoni hupata matundu, na mkaratusi haukati tamaa. Kwa hiyo kila mwaka, ardhi ikiwa bado laini mwishoni mwa mvua, mtaro unafunguliwa tena mahali pale pale. Safari hiyo panga si lazima: mizizi mipya ni myembamba, kisu cha jikoni kinatosha.