Rajamu, Alama au Nembo?

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania. Tangu hapo makosa ya istilahi hayabaki tena vitabuni, bali humfika mwananchi dukani kwake. Katika makala hii fupi tunakusudia kuzipima istilahi zinazotumika kufasiria Sheria Na. 12 ya mwaka 1986, ihusuyo alama zitofautishazo bidhaa na huduma za mtu na za mwenziwe.

Istilahi iliyozoeleka ni alama ya biashara, na mwenzake ni alama ya huduma. Twaona kasoro mbili. Kwanza, mwenye nyumba ya wageni huko Pangani huuza huduma, naye pia anafanya biashara. Basi istilahi hizi hazitengani kama sheria itakavyo. Pili, na hili ndilo zito, istilahi ya kwanza inakaribiana mno na jina la biashara, ambalo husajiliwa kwa sheria nyingine. Mfanyabiashara mdogo aliyepata cheti cha jina huamini kwamba amekwisha kuilinda bidhaa yake. Kumbe alama hajaisajili, na siku ya mgogoro hana cheti cha kuonyesha.

Tutazame mfano wa Tanga. Tanga Cement, yenye kiwanda Pongwe, ni jina la kampuni. Simba, neno lililo juu ya mfuko wa saruji, ndiyo alama. Mjenzi wa Muheza huomba Simba, haombi kampuni. Wako wanaofasiri alama hii kuwa nembo. Hatukubaliani nao, kwa sababu nembo ni mchoro, na alama yaweza kuwa neno tupu.

Kwa maoni yetu, dawa imo katika hazina ya pwani yenyewe. Kamusi za zamani zina neno rajamu, yaani alama ya mfanyabiashara katika mali yake. Tukisema rajamu ya bidhaa na rajamu ya huduma, kasoro zote mbili zitaondoka. Atakayedai kwamba neno hili limesahauliwa na akumbuke hataza: halikuwa kinywani mwa wengi, na leo limo katika shughuli za Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni.

Jambo la mwisho ni daraja. Uainishaji wa Nice una mafungu 45: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Baadhi ya wafasiri huyaita madaraja. Lakini katika nchi ya mkonge, zao lililofika pwani hii mwaka 1893, daraja ni ubora wa singa. Robota hubeba alama ya shamba na alama ya daraja. Ya kwanza yaeleza mali ni ya nani, ya pili yaeleza ubora wake. Msomaji wa Korogwe akiambiwa saruji iko daraja la 19, atadhani ni duni. Fungu latosha.

Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Haki ya muda mrefu hivyo haifai kusimama juu ya neno lenye utata. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali waipime rajamu katika kazi zao, nasi tutapokea hoja za watakaoipinga.