Diski Isiyo na Faili

Fundi anayeunda seva ya nyumbani kwa mfumo kama Unraid huanza na jambo linalofanana na israfu: diski isiyozidiwa ukubwa na nyingine yoyote anaitenga, na humo haweki hata picha moja. Hiyo ndiyo diski mlinzi, na uzuri wa kazi hii yote umo humo. Tuseme diski tatu za data, mahali pamoja, zimeandikwa 1, 0 na 1. Jumla ni 2, shufwa, basi mlinzi anaandika 0; ingekuwa witiri, angeandika 1 ili hesabu irudi shufwa. Diski ya tatu ikifa, zinabaki 1, 0 na ile 0 ya mlinzi, kwa hiyo iliyopotea haina budi kuwa 1. Endelea hivyo biti kwa biti, na video nzima ya harusi inarudi kutoka kwenye diski ambazo hazikuwahi kuihifadhi. David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Berkeley walipotetea diski nyingi za bei nafuu mwaka 1988, hesabu ya namna hii ndiyo iliyofanya wingi huo uvumilike, maana diski zikiwa nyingi, vifo navyo huwa vingi.

Atasema mtu: si unakili kila kitu tu? Kwa diski mbili, nakili. Kwa sita, kunakili kunadai sita nyingine, mlinzi anadai moja. Hoja nzito ni nyingine: ukifuta picha kwa bahati mbaya, mlinzi naye anaandika upya papo hapo, bila kuuliza. Ni kweli kabisa, ndiyo maana nakala rudufu hukaa nyumba nyingine. Tena kuijenga upya diski ya terabaiti 16, kwa megabaiti 180 kila sekunde, huchukua yapata saa 25, na zote zilizobaki husomwa mwanzo hadi mwisho. Doa lililolala miaka miwili huamka hapo. Kwa hiyo fundi mzuri hukagua seva nzima kila mwezi, na hubandika namba ya kila diski mbele ya nafasi yake, tena kwa maandishi makubwa, kwa sababu diski iliyokufa na iliyo hai zinafanana, na akichomoa iliyo hai, mlinzi anabaki na mapengo mawili na jumla moja.