Vitabu vya Nchi Ndogo: Unguja Isomwavyo Kutoka Karatu

Mwezi wa Machi mwaka 1892 msafiri mmoja wa Austria, jina lake Oscar Baumann, alifika ukingoni mwa Ngorongoro pamoja na wapagazi wake, akashuka ndani ya bonde lile. Safari hiyo aliiandikia kitabu kwa Kijerumani, kikapigwa chapa Berlin mwaka 1894. Wajuao lugha ile wametufasiria habari zake, nasi twaona ya kwamba ukurasa wake ulio bora si ule usifuo uzuri wa bonde, bali ni ule usemao juu ya Wamasai waliomjia kambini wamekonda kwa njaa, maana sotoka ilikuwa imekwisha kuwaua ng'ombe wao. Alikuwa mpita njia tu. Walakini aliona, akaandika.

Baada ya hayo Baumann alikwenda Unguja, akawa balozi wa nchi yake huko, akaandika pia juu ya visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba. Basi kalamu iliyoandika habari za bonde letu ndiyo iliyoandika habari za nchi ile ndogo ya pwani. Wengi wetu tukaao Karatu hatujaiona bahari kwa macho. Lakini tangu tarehe 26 Aprili 1964 nchi ile na yetu ni jamhuri moja, na haipendezi mtu asijue habari za ndugu wa nyumba moja. Katika siku hizi tumesoma vitabu vinne juu ya Unguja, kwa kupokezana mkono kwa mkono, na hapa twataka kuwaambia wasomaji wetu tulivyoviona.

Kitabu cha kwanza ni kumbukumbu za Binti Salme, binti wa Sayyid Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyi biashara wa Hamburg, akaitwa Emily Ruete. Kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886, nasi tumekisoma katika tafsiri ya Kiingereza. Hapana kitabu kingine kituingizacho nyumbani mwa Masultani kama hiki. Twaona jumba la Mtoni, wake na watoto wengi wa baba mmoja, mapenzi yao na wivu wao. Mwenyewe alijifunza kuandika kwa siri, maana wasichana wa nyumba ile hawakufundishwa kalamu. Na mwaka 1859, kaka yake Barghash alipofanya njama juu ya Sultani Majid, msichana huyu wa miaka kumi na mitano akawa mwandishi wa barua za njama. Hayo ayaeleza kwa unyofu, wala hafichi kosa lake. Lakini afikapo kwenye habari za watumwa, kalamu yake yageuka. Awatetea wenye kumiliki watu, asema watumwa wa kwao walitunzwa vema, akawafananisha na maskini wa Ulaya. Sisi twamsoma kwa huruma, kwani aliteseka sana ugenini. Walakini katika jambo hili twamkatalia. Yeye aliyejua uchungu wa kunyimwa kalamu hakumwuliza mtumwa hata mmoja angesema nini kama angalipewa kalamu.

Jibu la swali hilo twalipata katika kitabu cha pili, nacho kilitoka miaka tisini na miwili baadaye. Ni *Kasri ya Mwinyi Fuad*, hadithi ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1978. Humo yumo Kijakazi, mtumishi aliyezeeka katika shamba la bwana wake. Mapinduzi yaja, bwana aanguka, na watu washangilia. Lakini Kijakazi amhurumia bwana yule yule aliyemtesa, wala hajui kwa nini watu wafurahi. Hapo ndipo tulipoona ya kuwa mwandishi ni mwalimu hodari. Serikali yaweza kuanguka usiku mmoja, lakini moyo uliozoea kupiga magoti hauinuki siku moja. Kasoro yake ni kwamba Fuad amepakwa masizi mwili mzima, hana hata tendo moja jema la kumfanya tumwamini kuwa ni mtu. Na mwisho wa hadithi wafanana na hotuba ya mkutano kuliko maisha ya watu. Hata hivyo, kama mwanafunzi wetu ana nafasi ya kusoma kimoja tu kati ya hivi vinne, na asome hiki, kwa Kiswahili chake na kwa ajili ya Kijakazi.

Kitabu cha tatu ni cha John Okello mwenyewe, kwa Kiingereza, juu ya Mapinduzi ya Unguja, kilichopigwa chapa Nairobi mwaka 1967. Unguja ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Siku thelathini na tatu baadaye, tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Sultani Jamshid ikapinduliwa. Okello alikuwa mtu wa Uganda, aliyekuja visiwani kutafuta riziki kwa kazi za mikono. Na ghafula sauti yake ikatisha nchi nzima katika redio, akijiita Jemadari Mkuu. Kabla mwaka ule haujafika kati alikuwa amekwisha kuondolewa visiwani. Katika kitabu chake watu wanyonge wamo, mapanga na mishale imo, na jinsi bohari ya silaha za polisi ilivyotwaliwa Ziwani. Kwa hayo chafaa kusomwa. Lakini katika kila ukurasa mtendaji ni mmoja, naye ni Okello. Wengine wote ni kama vivuli ukutani. Tena asema ya kwamba Mungu alimwita kwa ndoto aifanye kazi ile.

Hapo sisi Wakristo yatupasa kusimama na kufikiri. Watu wengi waliuawa katika siku zile, wanaume kwa wanawake, na hesabu yao haikubaliani baina ya vitabu. Dhuluma ya zamani ilikuwapo, nasi hatuikani. Lakini mtu atiaye jina la Mungu juu ya damu ya majirani hana budi kuonyesha ushahidi kuliko ndoto yake mwenyewe. Kitabu hiki chatufundisha jambo moja kwa kinyume chake: msimulizi asiyekuwa na shaka hata kidogo juu yake mwenyewe asisadikiwe peke yake.

Cha nne ni *Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!* cha Dakta Harith Ghassany, kilichotoka mwaka 2010. Huyu alikwenda kwa wazee, wa visiwani na wa bara, akawauliza, akaandika maneno yao kwa Kiswahili chao wenyewe. Ataka kuonyesha kwamba mkono wa Tanganyika ulikuwamo katika mambo yale, na kwamba watu walivushwa bahari kutoka pwani ya Tanga. Wengine wayakataa maneno yake, hasa wale wanaoshika habari za chama cha Afro-Shirazi, wasemao kwamba Mapinduzi yalipangwa na kutendwa na wanyonge wa visiwani wenyewe. Sisi hatukuwapo, wala hatujifanyi waamuzi. Twaona tu ya kuwa mwandishi aliingia barazani akiwa na hukumu yake tayari mfukoni, na mara nyingine amwongoza mzee kwenye jibu alitakalo. Lakini faida yake ni kubwa: wazee wale wengi wao wamekwisha kufa, na maneno yao yangalizikwa pamoja nao. Tena kwa sisi watu wa bara kitabu hiki ni kioo. Tulikuwa tukisoma habari za Unguja kama habari za jirani, kumbe huenda ni habari zetu pia.

Basi, tukiviweka vinne pamoja, twaona kwamba kila kimoja chakosa kilicho katika kingine. Binti wa Sultani hamwoni mtumwa; mwenye kumwona mtumwa hamwoni bwana kuwa mtu; Jemadari hamwoni mwingine yeyote; na mkusanyaji wa wazee huona zaidi alilokuja kulitafuta. Maandiko yataka mashahidi wawili au watatu ili neno lithibitike. Msomaji wa historia naye afanye vivyo hivyo. Asomaye kimoja akatoka kubishana sokoni ni kama hakimu aliyemsikia mdai tu.

Na sasa turudi kwetu ukingoni. Juu ya Ngorongoro vitabu ni vingi. Bernhard Grzimek, ambaye mwanawe Michael alikufa kwa ajali ya ndege mwezi wa Januari 1959 wakiwa katika kazi ya kuhesabu wanyama, aliandika kitabu juu ya Serengeti kilichosomwa dunia nzima, na kaburi lao liko hapa juu ya bonde. Aliwapenda wanyama kwa kweli, na kazi yake imesaidia kuwahifadhi. Lakini alishika neno kwamba hifadhi ya taifa isikaliwe na watu, wala wenyeji wasikae humo. Mwaka ule ule wa 1959 Wamasai wa Serengeti waliambiwa watoke, wakapewa kukaa Ngorongoro. Tangu mwaka 2022 kaya nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali yasema wamehama kwa hiari, na wengine kati ya wenyeji na watetezi wao wakanusha. Siku moja vitabu vitaandikwa juu ya jambo hili. Je, vitaandikwa na nani?

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu, na vijana waliojua kusoma, Wairaqw, Wamasai, Wadatoga na wengineo: chukueni daftari, mkae na bibi na babu, aliyehama na aliyebaki, na mlinzi wa hifadhi pia. Andikeni jina la msemaji kama akubali, na siku, na mahali, na maneno yake kama alivyoyasema, hata yale yasiyowapendeza ninyi. Baumann alipita kwa siku chache tu, naye akatuachia ukurasa mmoja wa kweli juu ya wenye njaa. Sisi tuliozaliwa hapa tutaona haya kama tukiacha pungufu ya hapo.